Kayaki Nyepesi, Kayaki Pana

Mume wangu alipopata kiharusi, nilijifunza kumsikiliza miguu kabla ya kumwangalia uso. Akitoka chumbani asubuhi nilikuwa jikoni nimenyamaza, kijiko mkononi, nikisubiri: mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unafuata ukiburuzwa. Mburuzo ukiwa mfupi, nilikoroga uji wangu kwa amani. Ukiwa mrefu, nilikwenda kufundisha nikiwa na roho juu mpaka kengele ya mwisho.

Hospitali walikiita kiharusi kidogo. Sikulipenda hilo neno kidogo, maana mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati. Lakini ni kweli kwamba maneno yake yalirudi karibu yote, na mkono wa kushoto ulirudi nusu. Kilichobaki ni tabia ya kuegemea kushoto, iwe amekaa au amesimama, na mwenyewe hana habari. Ukimwambia umeegemea, anakushangaa, halafu anajiweka sawa kama mtu anayekufurahisha tu.

Zamani alikuwa mfanyakazi wa bandari, Mtwara mjini. Alipoacha kazi tulihamia kijijini kwao, upande wa mikoko, kabla hujafika mdomo wa Ruvuma, nami nikaomba uhamisho kuja shule ya msingi ya hapo. Mimi natoka nyanda za juu, kwetu maji tunayaogopa hata ya kuoga, kwa baridi. Yeye alizaliwa na mshipi mkononi. Alivua changu na chewa na mdogo wake katika mtumbwi wa mbao ambao watu wawili waliweza kuugeuza kwa shida, na alikuwa mtu wa utani, hasa juu ya upishi wangu. Halafu mdogo wake akahamia Nanyamba kwenye mikorosho ya mkewe, mtumbwi ukabaki juani ukapasuka, na ugonjwa ukaja ukamkuta mume wangu hana mwenzake wala chombo.

Akakaa kwenye kiti uani. Mwanzoni nilishukuru, kwa sababu kiti hakizami. Lakini siku moja niliunguza wali, nikamwekea hivyo hivyo, akala akamaliza, hakusema neno. Mwanamume aliyenitania miaka yote kwa wali mzuri, leo anakula ulioungua kimya kimya. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Nikamweleza daktari. Akasema, "Mrudishe baharini taratibu, mama. Mazoezi yatamsaidia. Ila asiwe peke yake."

Mimi nilisikia sehemu zote mbili za ile kauli. Mume wangu alisikia ya kwanza tu.

Nilimtafutia wa kwenda naye na sikumpata, kwa sababu kila mtu pale ana chombo chake na wenzake wa kazi. Basi nikaamua kwamba kama hapati mwenzake, chombo chenyewe kiwe mwenzake. Nitakichagua mimi. Hilo ndilo sharti nililompa, naye akakubali haraka mno, nikajuta kutoweka masharti mengine.

Tabu ilianza hapo. Mkono wetu wa bahari, maji yakipwa, unabaki tope na mchanga, na maji unayaona kule mbali yanang'aa. Vyombo vya wenzetu hulala majini vimetiwa nanga, wenyewe wanavifuata wakikata tope mpaka mapajani. Mume wangu tope la magoti tu lilimshinda. Chombo chake kilipaswa kulala nchi kavu, karibu na nyumba, halafu kipelekwe na kurudishwa. Kwa hiyo kiwe chepesi. Lakini chombo chepesi ni chembamba, na chembamba kinayumba, na mtu wangu anaegemea kushoto. Basi kiwe kipana. Kikiwa kipana kinakuwa kizito. Nilizunguka na mawazo hayo darasani mpaka siku moja nikawaandikia watoto ubaoni jawabu lisilo la swali lao.

Nikaanza kumpima. Uani palikuwa na gogo la mnazi limelala. Nilimkalisha juu yake kama aliyepanda farasi, nikampa mti wa ufagio aushike kama kafi, nikamwambia, "Haya, piga kasia." Akapiga kasia nchi kavu, kuku wakimtazama. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, na polepole kabisa akaanza kuinamia upande ule, mpaka nikamdaka bega. Nilipoinua macho, majirani watatu walikuwa wamesimama kwenye uzio wa makuti. Wakaangalia pembeni kwa adabu. Mume wangu aliliona hilo kabla yangu. Akashuka kwenye gogo, akaingia ndani, na mburuzo wa mguu ulikuwa mrefu.

Kayaki nilizisikia kwa mwalimu mwenzangu. Alisema kuna mama mmoja Shangani, mjini, aliyekuwa mpishi kwenye hoteli ya ufukweni, na hoteli ilipofungwa alinunua vifaa vyake, pamoja na mitumbwi ya plastiki ya wageni. Tulikwenda Jumamosi. Kwanza nilipita madukani Chikongola kuuliza kama kuna jaketi la kuelea la mtu mzima mwenye kifua kipana, nikaoneshwa ya watoto yenye picha za bata. Nilinunua kamba.

Yule mama alituchukua mpaka nyuma ya nyumba. Kayaki zilikuwa mbili. Ya kwanza nyekundu, nyembamba, ndefu, unaingia ndani yake na miguu unaificha mbele. Mume wangu aliinyanyua kwa mkono mmoja, ule mzima, akaiweka begani, akatembea nayo mpaka ukutani na kurudi. Sijui nieleze vipi uso wake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kumwona amebeba kitu na si yeye aliyebebwa.

Ya pili ilikuwa ya njano, pana, chini imegawanyika kama ina matumbo mawili, na unakaa juu yake siyo ndani. Niliibonyeza kwa mguu upande wa kushoto, nikaibonyeza kwa mwili wangu wote, haikutikisika. Niliipenda papo hapo. Nilijaribu kuinyanyua nikaishia kuinyanyua ncha, na kwenye tundu la kuwekea samaki kulikuwa na tetea amelalia mayai.

"Huyo msimguse," alisema mama. "Mkiitaka hiyo, subirini atotoe."

"Basi tuchukue ile nyingine," mume wangu alisema.

"Hiyo nyekundu itakupindua, baba."

"Itanipindua kwenye maji ninayoyajua."

Yule mama, ambaye alikuwa mwerevu wa biashara, akasema tuchukue nyekundu tukaijaribu kwanza, na kama haikutufaa tuirudishe. Tukaipakia kwenye kirikuu, tukairudisha nyumbani imefungwa kwa kamba yangu mpya. Njia nzima niligeuka nyuma kuitazama kupitia kioo. Nilikuwa nikiomba ianguke.

Tuliijaribu maji yakiwa yamejaa, pale yanapofika kiunoni. Nilisimama ndani ya maji na khanga yangu, nimeishika ile kayaki kwa nyuma. Akaniambia niachie. Sikuachia. Akaniambia tena, safari hii kwa sauti ya bandarini, nikaachia. Akapiga kafi mara chache, akaenda vizuri, akageuza kichwa kunionesha kwamba anakwenda vizuri, na hapo hapo akalala kushoto. Hakukuwa na kishindo chochote. Kayaki ilionesha tumbo lake jekundu na mume wangu hakuwepo.

Nilimshika shati chini ya maji, nikamvuta, akaibuka anakohoa. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashindwa kusimama, na mimi namshikilia. Kicheko kile nilikuwa nimekisubiri miezi, na sasa kilipokuja kilinitia hofu kuliko kupinduka kwenyewe, kwa sababu nilijua maana yake. Atarudi majini. Hata nikimkatalia, atarudi siku nikiwa shuleni, na ile nyekundu anaweza kuibeba mwenyewe bila kumwambia mtu. Na huko mbele anakotaka kwenda, kwenye kona za mikoko karibu na mto, si maji ya kiunoni tu. Kuna viboko, na mamba huwa wanashuka.

Nikairudisha Shangani mwenyewe, bila yeye. Tukasubiri kuku.

Katika wiki zile za kusubiri tulibishana kila tulipokula. Nilimwambia ya njano haipinduki. Aliniambia haibebeki.

"Ile nyekundu naibeba," alisema. "Hiyo yako ya njano, itabidi watu waje. Watanishikashika. Watanionea huruma. Sitaki kubebwa, mwalimu." Akikasirika huniita mwalimu.

"Tutaivuta mimi na wewe."

"Na mgongo wako?"

"Mgongo ni wangu."

Vifaranga vikatotolewa, kayaki ya njano ikaja, na ikawa kama tulivyosema. Asubuhi ambazo maji yamejaa, kabla ya shule, tuliifunga kamba, mimi mbele yeye nyuma, tukaiburuza mpaka majini. Jioni tukairudisha. Nilijaribu kuiwekea magurudumu ya toroli, yakazama topeni yakabaki huko. Yule mama wa Shangani alinishauri kwa simu nichukue ile nyekundu nifunge dumu tupu pembeni kama mrengu wa ngalawa, nikafikiria mizizi ya mikoko itakavyolinasa lile dumu, nikakataa. Nilivuta. Darasani niliandika ubaoni nimeinama kama bibi kizee. Lakini akiwa majini alikaa akivua juu ya kile chombo kipana, ameegemea kushoto kwa raha zake, nacho hakijali.

Watu walituona. Wa kwanza waliinuka kuja kutusaidia, mume wangu akanyanyua mkono mzima akawaambia, "Tunaweza, asanteni." Walirudi wakakaa. Siku zilivyokwenda hawakuinuka tena. Tukipita na kamba yetu walinyamaza, na salamu zilikuwa fupi. Nilidhani ndiyo ile huruma aliyoikimbia, nikamhurumia kwa kuhurumiwa.

Kumbe sivyo. Siku moja nilikuwa bombani nasubiri ndoo ijae, na jirani yetu, mama mmoja wa Kimakonde ambaye hazungushi maneno, akanisogelea.

"Mwalimu, samaki mnatuficha kwa nini?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza samaki gani.

"Hao mnaoleta. Hapa ntu akirudi na chombo, tunavuta, anatupa kitoweo. Ndiyo ilivyo tangu na tangu. Nyie mnavuta wenyewe, mnaondoka na samaki wote. Ntu anayevuta chombo peke yake, huyo nchoyo." Akatua ndoo yake. "Mumeo hakuwa hivyo. Tunajiuliza ugonjwa umemfanya nini."

Nilisimama ndoo ikifurika. Nilitaka kumwambia kuhusu gogo la mnazi, kuhusu wao watatu kwenye uzio, kuhusu mtu anayeogopa kushikwashikwa. Nilisema tu kwamba nitamfikishia.

Nilimwambia tukila. Nilidhani atakasirika. Akaweka tonge chini.

"Wamesema mimi mchoyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hawakusema mgonjwa?"

"Ugonjwa wameutaja. Lakini kinachowauma ni kitoweo."

Mkono mzima ukaushika ule wa kushoto, kama anavyofanya akiwaza. Halafu akanitazama na kusema kwamba mchuzi wangu wa siku ile ulikuwa na chumvi ya kutosha kukausha papa. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja.

Jioni iliyofuata, tulipofika pale tope linapoanza, aliangusha kamba. Akasema kwa sauti, "Jamani, mkono." Waliinuka wote, pamoja na wasiohitajika. Kayaki ilipanda ufukwe kama haina uzito, na changu wakagawanywa, na yule jirani akamchagua mkubwa, na bado akamtoa kasoro. Hakuna aliyemshika mume wangu. Waliishika kayaki.

Tangu siku ile mgongo wangu ulipumzika. Mimi mwenyewe sikupumzika. Sasa alikuwa anakwenda bila mimi kuona, wanamsukuma asubuhi wakati nipo mstarini na watoto, na hofu yangu, iliyokuwa na kazi ya kuvuta kamba, ikakosa kazi. Kila upepo ukitikisa bati la darasa nilihesabu kafi zake. Kipana hakipinduki, nilijiambia. Lakini kichwa je? Kiharusi kikirudi akiwa kule, upana utamsaidia nini? Nilikuwa nimechagua chombo kwa ajili ya mguu na mkono, nikasahau kwamba ugonjwa wenyewe hukaa kichwani. Hilo lilinijia katikati ya somo la jiografia na halikuondoka.

Kisha ikaja siku ya kikao cha walimu. Kikao kikawa kirefu, kama kawaida yake. Nilipotoka jua lilikuwa limeshaegemea na zilikuwa siku za bamvua, maji yanapotoka mengi na kwa haraka. Saa ile alipaswa awe nyumbani. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga nyumbani kwa jirani, inaita, hapokei. Jirani yule hakosi kupokea simu hata akiwa msibani.

Sikukimbia. Nilitembea nikiwa nimeshika mkoba kifuani, nikipanga mambo, maana hofu yangu ni ya kupanga: nani nitampigia kwanza, mdogo wake wa Nanyamba au watoto wetu, na nitasema neno gani la kwanza. Nilipotokea kwenye uwazi nikaona ufukwe. Ulikuwa umejaa watu. Wamekaa chini, wote wameelekea majini, hawasemi kwa sauti.

Mara ya mwisho nilipoona watu wamekaa hivyo pale walikuwa wanasubiri maiti.

Sikumbuki nilivyopiga zile hatua za mwisho. Nakumbuka mama mmoja anamenya muhogo, na nilijiuliza kwa nini anamenya muhogo kwenye jambo kama hili. Nakumbuka mabeseni matupu. Nakumbuka wanaume wawili wakibishana kwa sauti ya chini nani alifika mwanzo. Jirani yangu akageuka akaniona.

"Umekuja," alisema. "Mumeo kachelewa leo."

Nikamshika bega.

"Tuliona maji yanaondoka naye haonekani, tukatuma mtumbwi ukamtazame kwenye kona ya mikoko. Yupo. Samaki wanakula, kakataa kuondoka. Tumemwambia akizidi kuchelewa atatukuta tumekasirika." Akaniangalia vizuri. "Kaa chini, mwalimu."

Nikakaa kwenye tope na gauni la kikao. Kwa mbali, pembeni ya mikoko, kitu cha njano kilikuwa kinakuja, na juu yake mtu ameegemea kushoto.

Maji yalimwishia kabla hajafika. Kayaki ikakaa juu ya tope, naye juu yake, umbali ambao mguu wake usingeuweza. Nilimwona anajiandaa kushuka. Wakamwahi. Waliingia topeni, wakaishika kayaki pande zote, na alipotaka kuteremka mtu mmoja akamwambia, "Kaa hapo hapo, mzee. Shika mtungo, samaki wasianguke." Akakaa. Wakaiinua na yeye juu yake, wakamleta, wakiteleza na kulaumiana. Mkono wa kulia ulishika ukingo wa kayaki. Mtungo mzima wa samaki aliushika kwa ule wa kushoto, ule ulioshindwa vifungo vya shati, nao haukuachia mpaka nchi kavu.

Nilimgombeza mbele ya watu wote. Nilisema maneno ambayo mwalimu hapaswi kusema, nikalia katikati yake, na watu wakaendelea kugawana samaki kana kwamba wanasikiliza redio. Yeye aligawa kwa mkono wa kulia, kwa adabu, akimwuliza kila mmoja hali ya nyumbani kwake. Alipomaliza, kilichobaki kwenye mtungo kilikuwa hongwe mmoja mwenye miiba. Tukala maharage.

Juzi yule mama wa Shangani alipiga simu. Nyekundu bado anayo, haijapata mtu, na amesikia baba ana nafuu kubwa. Kama tunataka kubadilishana anakubali, maana njano ameikumbuka kwa ajili ya kuku wake. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikaifungulia simu spika nikaiweka mezani ili mume wangu ajibu mwenyewe. Kwa kweli nilishika kalamu kwa nguvu, kwa sababu siku hizi mguu wake unaburuzwa kidogo sana, na angeweza kuibeba ile nyekundu kwenda na kurudi bila kumwomba mtu.

"Ile nyepesi?" alisema, akafikiri. "Hapana, dada. Ile nikirudi nayo, nani atajua kama nimerudi?"